Waraka wa Soda ya Msusi

Wananchi wa Singida, wenyeji na wageni, mliokuja kwa basi na mliozaliwa hapahapa, itifaki imezingatiwa. Lile suala sugu lililogombanisha watu kwenye saluni miaka nenda rudi, kwamba mteja akishasukwa ampe msusi kitu cha juu au asimpe, limepatiwa ufumbuzi wa kudumu. Ufumbuzi ulitoka Mandewa, kwenye kichwa cha Bwana Zefania Mughwai. Na kichwa hicho, niseme mapema tusije tukalaumiana, kina upara.

Bwana Zefania alikuwa Kaimu Mratibu wa Wakala wa Shukrani za Umma, Kanda ya Kati. Msicheke. Wakala una jengo, una bendera, una na mlinzi wa kuuliza watu wanakwenda wapi wakati mlango wenyewe ni mmoja. Kazi yake ni kuratibu shukrani: nani amshukuru nani, kwa kiasi gani, na kwa kibali kipi. Kama uliwahi kusema asante hapa Singida bila kibali, ushukuru Mungu kwamba hawakukusikia.

Kila kitu katika maisha ya Bwana Zefania kilikuwa sawa isipokuwa neno moja: Kaimu. Alikuwa amekaimu mpaka watoto wa jirani wakadhani ndilo jina alilopewa na baba yake. "Shikamoo mzee Kaimu!" walimpigia kelele kila asubuhi, naye akaitikia marahaba kama mtu anayemeza kidonge bila maji. Kadi za harusi zilikuja zimeandikwa Bwana na Bibi Kaimu. Mkewe, Felista, kwenye kikundi chao cha akina mama aliitwa mama Kaimu, na alikwishazoea. Mumewe hakuzoea. Alitaka neno lile litoke, basi. Hakuomba gari wala nyumba.

Wa kulitoa alikuwa mmoja tu, Bwana Laurian, Mkurugenzi wa Wakala nchi nzima, mtu wa makao makuu, Dodoma. Naye alishaahidi kwa simu kwamba atakuja mwenyewe na barua ya kumthibitisha, ila mambo mawili yatangulie. Kwanza, ofisi ioneshe matokeo yanayoonekana. Pili, kwa kuwa Singida inajulikana kwa kuku wa kienyeji, "usisahau ya supu, Zefania."

Zefania hakusahau. Ya supu aliituma kwa simu palepale, na ilikuwa supu nzito jamani, ingemaliza banda zima la kuku na jogoo wa jirani juu yake. Kwa hiyo yakawa yamebaki matokeo.

Matokeo aliyakuta saluni. Jumamosi moja alimfuata mkewe Utemini, kwa msusi anayeitwa Hajira. Huyu Hajira ana vidole vyepesi na mdomo mwepesi zaidi. Ukikaa kwenye kiti chake unainuka umesukwa, umecheka, na umejua nani kaachika. Ila bei anayokutajia haikai mkononi mwake. Nusu inakwenda kwa mwenye fremu, yule anayempangisha chumba cha saluni, nusu inakwenda kwenye rasta na umeme. Kinachopika ugali kwake ni kile unachoongeza mwenyewe kwa moyo wako.

Siku hiyo Felista alisimama mbele ya kioo, akageuka huku, akageuka kule, akatabasamu mpaka magego. Akatoa noti.

"Haya mdogo wangu, umenitendea haki. Chukua hii ya soda."

"Asante dada yangu, Mungu akuzidishie."

Bwana Zefania alikuwa amesimama nje, anajipepea na gazeti. Akamwona Hajira anatoka mlangoni, anamsimamisha muuza mkaa mwenye baiskeli, anampa noti ileile. Mkaa ukashushwa. Soda haikuonekana.

"Felista," alisema sauti ikimtetemeka, "ile fedha uliyompa ni ya nini?"

"Ya soda."

"Amenunua mkaa."

"Ndiyo."

"Ndiyo nini? Fedha imetoka kasma ya vinywaji, imetumika kasma ya nishati! Bila kikao! Bila muhtasari!"

"Baba Neema, twende nyumbani. Jua limekupiga kwenye upara."

Lakini lilikuwa limeshampiga mahali pengine. Wiki ile ile ikaundwa Kamati ya Muda ya Kushughulikia Fedha za Vinywaji Zisizonywewa. Kamati ikakaa, ikanywa chai, ikala vitumbua, ikaanza mchakato.

Hoja ya kwanza: kitu cha juu kitolewe au kisitolewe? Mjumbe mmoja akasema kisitolewe hata kidogo, mbona muuza nyanya hatumpi ya soda. Mjumbe mwingine, mama mwenye rasta mpya kabisa, akamgeukia. "Muuza nyanya amewahi kukushika kichwa toka asubuhi, huku anasikiliza habari za mawifi zako na hakwambii nyamaza?" Kamati ikakiri kwamba hapo pana uzito.

"Mimi nawahudumia wananchi miaka yote hii," alisema Bwana Zefania kwa uchungu wa kweli. "Mbona mimi hawanipi?"

 Mjumbe mmoja akapaliwa na kitumbua.

Mwisho wakakubaliana kwamba moyo wa mteja ni mali ya mteja, akipenda atoe, asipopenda aende zake. Ila jina alilolitaja ndilo litekelezwe. Ukisema ya soda, ni soda. Katibu wa ofisi, kijana mmoja mpole anayeitwa Paschal, akaanza kuandika: *Msusi yeyote atakayepewa...*

"Futa msusi," alisema Bwana Zefania. "Waraka wenye neno msusi utaonekana umetoka saluni. Andika mtu yeyote. Inajaza mdomo."

"Mtu yeyote kabisa, bosi?"

"Kabisa. Na wale waliokula soda za zamani? Ongeza: bila kujali ilitolewa lini."

Paschal akaongeza. Halafu likazuka suala la supu, kama nayo ni kinywaji au ni chakula, na hapo asubuhi nzima ikaisha. Ni Bwana Zefania mwenyewe aliyepiga meza. "Mnasema 'nimekula supu' au 'nimekunywa supu'?" Wakasema tunasema kunywa. "Basi supu hunywewa! Iingie!" Ikaingia, kifungu chake peke yake. Alikuwa mtu makini sana, huwezi kumnyima hilo.

Waraka ulisomeka hivi: *Fedha yoyote atakayopewa mtu yeyote kwa jina la kinywaji, supu ikiwemo, itanywewa kama kinywaji hicho, mpaka iishe, mbele ya aliyeitoa, bila kujali ilitolewa lini.* Gari la matangazo likazunguka nalo Utemini, likapanda Mandewa, likashuka sokoni, mpaka mbuzi wakakijua kifungu cha supu.

Utekelezaji ukaanza kwa kishindo. Ukisukwa Utemini, ukasema ya soda, hutoki. Unakaa unamtazama msusi anakunywa, akimaliza unaondoka na kizibo kama ushahidi. Mkaguzi anapita kuomba vizibo. Kichwa kimoja, chupa moja. Sasa Jumamosi ina vichwa vingapi? Ikifika mchana Hajira alikuwa akipiga hatua unamsikia tumboni, chwa, chwa, chwa. Akiinama kuanza mstari anacheua, mstari unakwenda kulia. Akiinuka anacheua tena, unarudi kushoto. Watu wakatoka na mitindo ambayo haijapewa jina mpaka leo. Bibi harusi mmoja aliachwa na nusu kichwa kimesukwa, nusu kimesimama, Hajira kakimbilia chooni mara nyingi hata mchungaji akaanza kupiga simu. Alifunga ndoa hivyohivyo, akageuziwa upande mzuri kwenye picha.

Wengi walicheka, na mimi nilicheka. Hajira hakucheka. Tumbo limejaa gesi, jiko halina mkaa, na mwanawe anauliza kwa nini siku hizi wanakula mkate na soda kama wako safarini.

Bwana Zefania alipopita kukagua, alimkuta amekaa kwenye kiti cha wateja, anajipepea.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Naona unywaji umepanda."

"Baba, nakuomba. Hii kitu inaniua. Ya soda ni jina tu. Mtu anaona aibu kukwambia 'nakuona unahangaika, shika hii'. Basi anasema ya soda. Wote tunaelewa."

"Serikali haina jina tu, binti yangu."

"Basi waniambie 'hii hapa', bila kutaja kitu."

"Fedha isiyo na jina inaitwa utakatishaji. Utafungwa."

Hajira akafungua mdomo ajibu, ikatoka gesi. Bwana Zefania akaandika kwenye taarifa yake kwamba wadau wameupokea waraka kwa sauti moja. Taarifa ikaenda Dodoma. Majibu yakaja upesi: Mkurugenzi anakuja, barua anayo mkononi.

Siku ya ugeni ofisi ilipakwa chokaa mpaka kwenye mti. Mahema yakafungwa, kwaya ikaja, ngoma ikaja, na nyuma ya mahema mama lishe wakaweka masufuria makubwa ya supu ya kuku kwa ajili ya chakula cha mchana. Bwana Zefania alivaa suti. Felista alikuwa na mistari yake iliyokwenda kulia na kushoto, amekaa mbele kabisa kama mke wa mtu anayekaribia kuwa na jina.

Bwana Laurian akashuka kwenye gari, tumbo likitangulia. Akasema waraka huu ni wa kihistoria na atautia saini utumike Wakala mzima, kuanzia mlinzi mpaka yeye mwenyewe Mkurugenzi. "Sheria ni msumeno!" alipaza sauti. Akasaini. Vigelegele. Akachomoa bahasha. Ndani yake mlikuwa na barua isiyo na neno Kaimu. 

Hapo ndipo Bi Sijaona alipopita katikati ya viti, taratibu, mkono mmoja ameshika chupa ya chai, mwingine kikombe. Ni mwanamke wa umri wa kupishwa njia. Hata mlinzi hakumuuliza anakwenda wapi.

"Shikamoo, bibi," alisema Bwana Zefania, maana mbele ya watu wote angesema nini.

"Marahaba mwanangu. Unisamehe nimechelewa. Nimesikia lile gari, nikalala na wasiwasi."

"Wasiwasi wa nini, bibi?"

"Ulipokuwa dawati la vibali, nilikuja kuomba kibali cha kuwashukuru majirani walionijengea choo. Ukaniambia kibali hakitoki bila ya chai. Nikauza kuku wangu wa mayai, nikakupa ya chai, nikaondoka haraka nikamwahi mjukuu. Sikukuona ukinywa." Akatikisa kichwa kwa majonzi. "Kumbe nimevunja sheria. Umri huu, mwanangu, sitaki kufa na kosa la serikali. Kunywa nikuone."

 Jasho likaota kwenye upara wa Bwana Zefania likiwa limepangwa mistari kwa ustadi, utadhani limesukwa.

"Bibi," alisema kwa sauti ndogo, "ile ya chai... ni jina tu."

"Serikali haina jina tu!" Sauti ilitoka nyuma kabisa. Ilikuwa ya Hajira, na ilifuatwa na cheuo refu la soda ya asubuhi.

Watu wakaanguka kwa kicheko. Bi Sijaona hakucheka, alikuwa anamimina. Bwana Zefania akapokea kwa mikono miwili, akanywa. Chai ya maziwa, ya moto, tangawizi haikuhurumiwa. Akamaliza, akarudisha kikombe, akasema asante. Bi Sijaona akamimina tena.

"Kwa ile hela mwanangu, hii ndiyo chupa ya kwanza. Nyingine wanakuja nazo wajukuu."

Na si wajukuu peke yao. Fundi seremala akaondoka mbio, akarudi na birika. Dereva wa bodaboda akaleta la mkewe, na kikombe kiko shingoni mwa birika kimefungwa na kamba. Wote walikuwa raia wema waliokumbuka ghafla kwamba na wao walitoa ya chai na hawakushuhudia ikinywewa. Foleni ikapinda kona ya ofisi, ikanyooka kwa utulivu, kila mtu na chai yake, na hakuna aliyekuja na hasira. Hiyo ndiyo iliyomtisha zaidi Bwana Zefania. Walikuwa wanatii.

"Bwana Kaimu," alisema Mkurugenzi, bahasha ikining'inia, "hiki ni nini?"

"Ni..." akameza funda, "ni matokeo yanayoonekana, Mkurugenzi."

Sasa Bwana Laurian alikuwa mzoefu. Akiona moto anajua upepo unaelekea wapi. Akasimama, akavuta kipaza sauti. "Ndugu wananchi! Nimesikitika! Mtumishi wa umma anakunywa chai ya bibi kizee? Wakala wangu hauna nafasi ya watu wa namna hii!" Akaichana barua. Akaichana tena, ili wa nyuma nao waone. Vipande vikaangukia kwenye kikombe.

Bwana Zefania alivitazama vikielea. Miaka yake yote ya kukaimu ilikuwa mle ndani inalowana. Iliuma, nisiwadanganye; macho yalimjaa, na si kwa sababu ya tangawizi. Felista akainuka, akasogea, akampangusa midomo na kanga. Akamnong'oneza neno moja tu.

"Supu."

Bwana Zefania akageuka polepole, maana haraka isingewezekana na tumbo lile.

"Mkurugenzi. Na ile ya supu?"

"Supu gani?"

"Niliyokutumia. Ujumbe wa simu ninao, na wako wa 'nimeipata, ubarikiwe' ninao pia. Sikukuona ukinywa."

 Nyuma ya mahema masufuria yalikuwa yanatokota.

"Supu ni chakula," alisema Bwana Laurian. "Waraka ni wa vinywaji."

"Paschal," alisema Bwana Zefania, "kifungu cha supu."

Paschal mpole alikuwa ameshasimama. Alisoma kifungu kwa sauti ambayo hakuna mtu ofisini aliyejua anayo, akamalizia na saini iliyokuwa chini yake, ambayo wino wake haujakauka. Umati ukaitikia bila kufundishwa: "Hunywewa!"

"Kuna kinga ya viongozi!" alilalamika Mkurugenzi.

"Umesema msumeno, baba," alimkumbusha Bi Sijaona kwa upole. "Kaa, mwanangu. Supu ikipoa inaganda mafuta."

Akakaa. Hajira akaja na kile kitambaa cha saluni, akamfunga shingoni barabara kama mteja wa kuoshwa nywele, suti isiharibike. Mama lishe wakashusha sufuria la kwanza. Bakuli likaja, na jingine, na jingine. Upande huu Zefania na chai, upande ule Laurian na supu, kila mmoja mbele ya aliyetoa. Kwaya ikaona isikae bure, ikaimba.

Kwenye sufuria la pili Bwana Laurian alikuwa analowa jasho tupu, na Hajira anampangusa. Huduma nzuri huonekana hata na mtu aliyebanwa. Akaingiza mkono chini ya kitambaa, akatoa noti.

"Dada, umenitunza. Chukua hii ya..."

Akasita. Uwanja wote ukasita naye. Ya soda? Ya maji? Ya juisi? Kila neno lilikuwa na chupa nyuma yake. Hajira alikuwa ameshashika tumbo.

"Ya mkaa!" alipasuka Bwana Zefania.

"Ya mkaa," alisema Mkurugenzi haraka.

Watu wote wakamgeukia Bi Sijaona, maana alishakuwa ndiye mwanasheria. Akafikiri. "Mkaa haunyweki," alisema. Vigelegele vilivyopigwa hapo vilivishinda vile vya asubuhi. Hajira akaichukua noti kwa mikono miwili, akacheka kwa mara ya kwanza tangu gari la matangazo lipite, akapiga na goti. Na mpaka leo Utemini ukisukwa ukapendeza unasema ya mkaa. Anaweza kununulia daftari la mtoto, anaweza kununulia pete, hakuna anayeuliza.

Bwana Zefania yuko palepale, ni Kaimu vilevile. Barua ilikuwa moja tu, na aliinywa. Watoto wa jirani wanaendelea kumwamkia, naye siku hizi anaitikia vizuri, ila ukimkaribisha chai anaondoka bila kuaga.

Na Bwana Laurian? Jioni ilipofika alifunguliwa kitambaa, akasindikizwa na watu wawili mpaka kwenye gari. Mguu mmoja ulikuwa umeshaingia ndani alipotulia ghafla. Akatoa simu, akatafuta ujumbe wa zamani, akausoma. Uso wake, uliokuwa wa majivu, ukaanza kung'aa.

"Jamani," aliuliza, "hapa Singida naweza kupata wapi juisi ya ukwaju? Nyingi. Kuna mkubwa mmoja pale juu yangu, alipokuwa ananipa hiki cheo nilimpa ya juisi. Sikumwona akinywa."

Wakamjazia mapipa mawili. Gari la serikali likaondoka kuelekea Dodoma taratibu, na Mkurugenzi kiti cha nyuma ameyakumbatia, anamsihi dereva kwenye kila tuta asije akaimwaga hata tone.